Ufa wa Chumbani kwa Taa

Benchi la Doña Saturnina, mama muuza kahawa, lipo pale barabara ya Santa Brígida inapokata kona kuelekea mgodini. Kila asubuhi, jua likishayeyusha barafu kwenye mabati, wastaafu wa mgodi hukaa hapo na kahawa nyeusi, wakaitawala Bolivia nzima kwa mdomo. Asubuhi hii Wenceslao, ambaye mji wote humwita Taa, alifika uso umekunjamana. Siku ya tatu hiyo mkewe Eduviges kahamia kwa dadake, mtaa wa juu, kwa sababu ukuta wa chumba chao umepasuka kutoka dari hadi sakafu. Kaapa harudi mpaka aambiwe sababu. Na Taa alimtaka mkewe arudi, tena leo hii. Supu aliyojipikia mwenyewe ilikuwa imemshinda. Sababu moja alikuwa nayo, ila hiyo hakuipenda: kashimo alikokuwa akikachimba chini ya jiko, kila baada ya chakula cha mchana, akifuata mshipa wa madini ya bati mwambani. Kashimo tu, ka mtu mmoja. Kashimo kama hako kapasue nyumba? Wapi!

— Jamani, nitafutieni sababu, alisema. Ule ufa sasa mkono mzima unaingia.

— Umeupa kitu? aliuliza Baruti, aliyelipua miamba miaka thelathini akabakiwa na sikio moja.

— Nimeupa. Majani ya koka, sigara, na pombe kifuniko kimoja. Jana Ijumaa, kama tulivyokuwa tukimpa Tío, shetani mwenye mgodi, kule chini.

— Kifuniko kimoja! We Taa, ubahili mpaka kwa shetani? Yule mwenye mgodi hunywa chupa. Ndiyo maana kakuongezea ufa.

Wa tatu pale, Injinia, alicheka kwa puani. Mwaka mmoja aliwahi kuwabebea wapima miamba begi lao, na mpaka leo begi hajalitua.

— Acheni ushamba. Mawe haya yalikuwa uji wa moto, ukapoa huko chini. Kitu kikipoa kinasinyaa, kikisinyaa kinapasuka. Kilima kinapoa, basi.

— Tangu lini?

— Miaka milioni kumi.

— Kikasubiri mpaka Alhamisi, chumbani kwangu?

— Una haraka gani wewe? Sikiliza. Sakafu ya bahari inajipenyeza chini ya nchi. Ndiyo iliyoinua milima yote hii. Na inasukuma kutoka upande wa Chile.

— Wachile! Baruti alijipiga goti. Bahari yetu walitunyang'anya vitani, haikuwatosha, sasa wanatusukumia kwa chini!

— Sasa mimi nikamwambie Eduviges kwamba ni Wachile?

— Mwambie. Kama ana uzalendo atarudi.

— Mimi nasema ni mvua, alidakia Doña Saturnina akimimina kahawa. Hata mume wangu alisema hivyo kabla hajalala.

— Kalala saa hizi?

— Anaumwa kifua, alijibu haraka.

— Mvua gani! Baruti alisimama kabisa. Kilima hiki ni volkano, ilijilaza zamani. Imechoka ubavu mmoja, inageuka. Na ubavu wenyewe, Taa, ndio chumba chako.

Hiyo Taa aliipenda. Nani atamlaumu mtu kwa volkano? Akaanza hata kuonja kahawa yake.

Hapo ndipo alipotokea Doña Primitiva, dada yake Eduviges, nyundo mkononi. Miaka ishirini mama huyu hukaa kwenye lundo la mabaki ya mgodi, akipasua mawe na kuokota yenye bati.

— Shemeji, nimetumwa nichukue jibu.

— Karibu, shemeji, kaa kwanza. Ni volkano.

Hakukaa. Aliinama akatazama mguu wa benchi. Ulivunjika mwezi uliopita, na kila mmoja akaleta jiwe la kuuegemeza, aliloliokota eti uani kwake. Primitiva akachomoa moja, akalitemea mate, akalisugua kwenye sketi. Likang'aa.

— Jiwe la kilima hiki lina chuma ndani. Likipata mvua mbili tatu linashika kutu, linakuwa jekundu kama tofali. Haya hayajaona mvua hata moja. Yametoka chini juzijuzi, yote. Hebu niambieni, hapa nani hana shimo chini ya nyumba yake?

Baruti akachungulia kikombe chake. Injinia akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. Hapo ikasikika sauti ya kugonga kutoka chini ya miguu yao: ko, ko, ko.

— Panya, alisema Doña Saturnina.

— Panya mwenye kifua, alijibu Primitiva.

Aibu ilimpanda Taa mpaka masikioni. Akilini alimwona Eduviges akijinyoosha kitandani baada ya chakula, akimwamini, na yeye yuko chini ya sakafu ileile anagonga. Mwanaume mzima!

— Shemeji, mwambie ni mimi, alisema. Mwambie asirudi. Abaki kwako, kule juu kuna usalama.

Primitiva alilirudisha jiwe mahali pake, taratibu, benchi lisije likawaangusha.

— Kwangu ukuta umepasuka jana, alisema. Na mimi sina shimo. Sasa ninyi, huko chini mmefika wapi?

Walitazamana. Hakuna aliyejua shimo lake limefika chini ya nyumba ya nani.