Joho la Kukodi

Fundi viatu alifumba macho kama aliyesinzia, lakini masikio yalikuwa kazini. Mbele yake kwenye treni, mama aliyepakata mikoba mitatu mipya alikuwa akimweleza jirani yake asiyemjua kwamba ni zawadi za mahafali za kuwapa marafiki wa bintiye.

"Na binti mwenyewe?"

"Wangu hahitimu, dada. Kafeli, na wenzake hawajui."

"Sasa unapamba watoto wa wenzio, wako anaambulia patupu?"

Fundi akaafiki kimoyomoyo; kwake ilikuwa rahisi, binti hakuwa wake.

"Nilimuuliza anataka nini. Akasema nimkodie joho, akae nao mstarini."

"Ukamkodia?"

Mama akagusa mkoba wa chini. "Limo humu."

"Na majina yakianza kusomwa?"

Treni ikasimama. Mama akakumbatia mikoba yake, akashuka.