Pantaleo Ngassa, Dereva wa Mgodi na Askari wa Akiba, 1905–1939

Ndugu na majirani mliofika hapa Mwakitolyo kumzika kaka yangu, tunawashukuru. Mimi ni Marselino, mdogo wake. Mama ameniomba nisome maisha yake, nami nitayasoma yalivyokuwa.

Marehemu Pantaleo Ngassa alizaliwa hapa hapa mwezi wa Machi 1905, mtoto wa kwanza wa mzee wetu, marehemu Ngassa Jilala, na mama yetu Mageni. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1915 hadi 1919. Aliporudi likizo alinifundisha kuandika jina langu kwa kijiti kwenye vumbi la zizi.

Tarehe 6 Februari 1923 aliandikishwa askari huko Tabora. Alitumikia miaka tisa, na huko ndiko alikojifunza kuendesha magari.

Tarehe 12 Agosti 1930 alifunga ndoa na Eufrasia. Shemeji yangu hupenda kusimulia jinsi mumewe alivyotembea kwa hatua za gwaride hata wakienda mnadani. Siku moja Eufrasia alimwambia, "Baba, mimi sijaandikishwa. Nisubiri." Tangu siku hiyo marehemu alitembea nyuma yake.

Alipoachiliwa jeshini mwaka 1932 aliwekwa katika akiba. Kila Julai alitakiwa kurudi kambini Tabora kwa siku ishirini na moja. Mwaka huohuo alipata kazi katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Rwamgasa, akiendesha lori la kuchukua mizigo stesheni ya Isaka. Julai barabara ni kavu, nao mgodi hutaka malori yake yote. Msimamizi wa magari alimruhusu kwenda Tabora kwa sharti kwamba siku hizo ndizo likizo yake ya mwaka. Basi nyumbani tukawa tunamwona anapopita tu, siku moja, mara nyingine nusu siku.

Julai 1935 binti yake wa kwanza, Paskalina, alishikwa na surua. Nilikwenda Isaka mwenyewe kupeleka simu ya maandishi kambini. Ilifika. Alikabidhiwa siku ya kufunga mafunzo, akafika hapa siku kumi na sita baada ya maziko. Alimwuliza mama, "Aliniita?" Mama akamjibu kweli: "Ng'wanawane, mwanangu, alikuita."

Mwaka 1937 mashine za mgodi zilichelewa kufika kwa treni. Marehemu alimwonyesha msimamizi barua ya wito. Msimamizi akasema, "Shusha mzigo kwanza. Jeshi litangoja." Jeshi halikungoja. Alifika Tabora amechelewa siku tisa, na ofisa akamwuliza, "Wewe ni askari au dereva?"

Akajibu, "Bwana, mtu ni huyu huyu mmoja."

Jibu hilo liliitwa ufidhuli. Alifungwa siku ishirini na nane, akilala juu ya sakafu bila blanketi. Aliporudi Rwamgasa lori lake lilikuwa na dereva mwingine. Msimamizi yuleyule aliyemzuia alimwambia kwamba hakuna kazi tena ila kuponda mawe. Kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha, akaponda mawe.

Kikohozi alichotoka nacho kifungoni hakikumwacha, na vumbi la mawe likakizidisha. Februari mwaka huu alianza kutema damu, mgodi ukamwachisha kazi. Tulimleta nyumbani kwa gari la ng'ombe. Hakulalamika. Mimi ndiye ninayelalamika, na sitaomba radhi. Alifariki jana, Jumamosi tarehe 13 Mei 1939, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Eufrasia.

Jana hiyohiyo alasiri, tukiwa bado tunaosha maiti, tarishi alileta barua ya kumwita mafunzoni Julai. Eufrasia aliniomba niisome. Niliposoma mahali palipoandikwa kwamba asiyefika ataadhibiwa, alisema, "Shemeji, waandikie waje wamchukue."

Nimewaandikia kwamba amekufa. Sikuandika neno jingine.

Ameacha mama, Bibi Mageni. Mjane, Eufrasia, ambaye sote tunaendelea kumwita Mama Paskalina. Watoto wawili, Masele na Justa. Na mimi ndugu yake.

Mungu amjalie pumziko, ambalo hapa duniani kila alipoliomba aliambiwa akaombe ruhusa kwa mwingine.