Mzee Zekharia Tsubari na Sala Iliyokosa Mtu wa Kumi

Marehemu Zekharia Tsubari alizaliwa mwaka 1936 huko Dhamar, Yemen, mtoto wa mfua fedha. Aliletwa hapa Galilaya mwaka 1949. Torati alifundishwa na baba yake. Shule ya serikali aliisoma miaka minne tu.

Kuanzia 1958 hadi 1989 alikuwa tarishi wa posta. Bibi vizee wasiojua kusoma aliwasomea barua zao, na zenye habari mbaya hakuzisoma kwa sauti mpaka wamalize chai. Mwaka 1961 alimwoa Rumiya, wakajaliwa mabinti wawili. Rumiya alifariki mwaka 2013.

Mwaka uliofuata alimpangisha chumba Wisam Daher, Mwarabu aliyekuwa akisomea uuguzi. Ndipo marabi wa mji wakabandika barua: sheria ya dini inakataza kuwapangisha watu wasio Wayahudi, na atakayekaidi atengwe. Mzee Pinhas, msimamizi wa sinagogi, alikuja mlangoni.

“Zekharia, mtoe huyo kijana yaishe.”

“Ana mitihani, Pinhas. Nimtoe akalale kwako?”

Wakamtenga. Mwaka 2015, siku ya kumkumbuka Rumiya, aliwaalika watu nyumbani aseme Kadishi, sala ya wafiwa, isiyosemwa bila wanaume kumi wa Kiyahudi. Alihesabu kama tunavyohesabu watu sisi, kwa kukanusha, maana kuwahesabu waziwazi ni mwiko: “Si mmoja, si wawili…” Akaishia “si tisa.” Tulimngoja wa kumi mpaka jua likazama na siku ile ikaisha.

Wisam akachungulia kutoka jikoni. “Ami, nisimame na mimi?”

“Kaa unywe chai, mwanangu. Sheria haikuhesabu wewe, nami siwezi kuipinda.”

Mimi bintiye nilikasirika, nikamuuliza mbona basi ile ya nyumba ameipinda.

“Labda na ile imeandikwa, Tirtsa,” alisema. “Lakini ile imenishinda.”

Kadishi haikusemwa. Alilia mbele yetu, na mimi sijapona mpaka leo.

Figo zilimsumbua tangu 2016. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2018, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Ameacha mabinti wawili, mimi Tirtsa na Yona, wajukuu watano, na Wisam, aliyesimama pale nyuma. Kumsindikiza maiti ni amri, nanyi mmeitimiza, tunawashukuru. Mko zaidi ya mia. Siku ile baba alimhitaji mmoja tu.

Sasa alale kwa amani, kando ya mama.