Aliyekipa Kihariri Sauti

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, tulikaa kwenye benchi nje ya wodi ya figo alimolazwa marehemu, tukimsubiri daktari atoke. Simu ya mama yake ilipoita tulidhani ni shangazi yake. Alikuwa mkuu wake wa kazi. "Shikamoo, mama. Neno la siri la kompyuta yake mnalo?" Hali ya mgonjwa hakuiuliza. Tunaliandika hapa ili lisibaki kunong'onwa pembeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1990, kifunguamimba wa fundi cherehani na dereva wa lori, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alichelewa kusema, tukamwita Bubu. Alipoanza kusema hakunyamaza tena, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Shule ya msingi alisoma mtaani, sekondari akakaa bweni, na mwaka 2013 akahitimu masomo ya kompyuta katika chuo cha ufundi. Tangu utotoni mikono yake haikutulia. Redio ya baba yake ilifunguliwa zaidi kuliko ilivyosikilizwa.

Aliajiriwa na ofisi ya programu iliyo juu ya duka la rangi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza moduli za kihariri, yaani ile programu ya kuandikia maandishi. Mama yake alipouliza ni kazi gani hiyo, alijibiwa kwa lugha ya nyumbani: "Mama, cherehani yako ni ileile, ila ukitaka kushona zipu unabadilisha mguu. Mimi natengeneza miguu." Moduli hizo hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, ndipo kihariri kinazipakia ndani yake. Kwa hiyo zina kasi, na kwa hiyo moja ikikosea, kihariri kizima huanguka nayo.

Ndivyo alivyompata mume. Mwaka 2016 alimpa karani wa mahakama moduli aijaribu, ikaanguka na ushahidi aliouchapa kutwa nzima.

"Dada, umeniulia mashahidi wangu wote."

"Kwani hukuhifadhi?"

"Ningehifadhi saa ngapi? Si ulisema ina kasi."

Wakakaa, karani akikumbuka na Bubu akichapa, mpaka mlinzi akaja kuwatoa. Walifunga ndoa tarehe 21 Oktoba 2017.

Baadaye macho ya mumewe yalianza kufifia. Bubu akaandika moduli inayomsomea kwa sauti kila anachochapa, papo hapo. Karani yuko kazini hadi leo kwa sababu hiyo. Aliiandika nyumbani, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na alitaka kila asiyeona aipate bure. Ofisi ikanusa harufu ya pesa.

Kihariri kile hakipakii moduli isiyobeba ndani yake tamko kwamba iko huru kwa wote. Mkuu wa kazi alikuja wodini na maua, akakaa kando ya mashine ya kusafisha damu, akasema: "Wewe liache tamko humo, kihariri kiridhike. Sisi tutaifungia, waipate wateja wetu wanaolipa tu."

Bubu akamjibu, "Bosi, huko ni kuingia nyumba ya watu kwa salamu ya uongo." Akageukia ukutani.

Mtu anamfanyia hivyo mgonjwa mwenye mirija mkononi. Maua mama yake aliyapeleka jalalani na karatasi yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alivumilia, akitania kwamba sasa yeye naye ana mashine ya kumpakia. Siku zake za mwisho alimweleza mumewe kosa moja lililobaki katika moduli ile, na namna ya kuikabidhi kwa watu. Alifariki alfajiri ya Jumatano ile, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti mmoja, wazazi wake, wadogo zake wawili, na bibi ambaye bado anauliza mbona hajaja. Mola amlaze palipo na utulivu.

Mkuu wa kazi ameomba kupitia nyumbani baada ya mazishi, achukue kompyuta ya marehemu, anayoiita kifaa cha ofisi. Kuzika azike, mchanga haumkatai mtu. Chai atapewa sebuleni kama wageni wengine. Karani atakuwa chumbani kwa mkewe anamalizia lile kosa kwa kusikiliza, na mlango utakuwa umefungwa kwa ndani. Agonge mpaka achoke.