Chupa ya Mafuta ya Parachichi

Benchi letu liko mbele ya duka la Kinyozi, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Zamani Mama ndiye aliyeuza kahawa hapa. Tangu dawa za hospitali zimpukutishe nywele, hatoki ndani. Nimeacha shule, birika nalishika mimi. Kando yangu naweka chupa ya mafuta ninayomtengenezea. Nachukua maparachichi yaliyolainika, nayaponda, nayaanika kwenye sinia mpaka yawe meusi, kisha nayakamua kwa kitambaa. Chupa naiacha juani ipate joto kabla ya kwenda kumpaka.

— Haya yanaotesha nywele hata kiganjani, alisema Kinyozi akiyanusa.

— Mbona kichwa chako kinang'aa kama sahani? aliuliza Shangazi, fundi cherehani.

— Mimi nanyoa kwa hiari yangu, dada.

— Hamjui kitu, alidakia Mwanasheria, tuliyempa jina hilo kwa ubishi wake tu. Mparachichi unavuta maji ya chini kabisa. Ukijipaka, nywele zinadhani ni mizizi.

— Zinadhani? Kwani nywele zina akili? aliuliza Kinyozi.

— Kuliko baadhi ya watu hapa.

Walicheka. Shangazi alichomeka sindano kwenye gauni lake.

— Wifi yangu atasuka tena. Wiki ijayo tu, mtaona. Na gauni nitamshonea.

— Wiki ijayo ya nini? Keshokutwa! alisema Kinyozi.

Niliwaongezea kahawa. Kila asubuhi wanamtibu Mama hivyo, hapa hapa kwenye benchi. Mlango wetu uko ng'ambo ya barabara, wanauona. Tangu augue, hakuna kati yao aliyebisha hodi.

Leo ulifunguka wenyewe. Mama alitoka ameshika ukuta, akavuka taratibu, kisha akashika bega langu. Wakasogea kumpisha, wakasogea mno. Akaketi katikati, akafungua kitambaa cha kichwani. Kichwa kilikuwa kitupu, ngozi imekauka na kupasuka.

— Habari za siku nyingi, jamani.

— Nzuri, walijibu, macho kwenye vikombe.

— Habari za nywele ziacheni. Ngozi inanivuta. Nani atanipaka?

Nikaweka birika chini.

— Wewe unanipaka kila siku, mwanangu. Nawauliza wenzangu.

Shangazi alishika sindano iliyochomekwa kwenye gauni lake. Mwanasheria aliinua birika, akajiongezea kahawa. Kinyozi, aliyeshika vichwa vya mtaa mzima, aliitazama mikono yake.

Chupa ilikuwa pale katikati yetu, imeshapata joto.