Kitenge Kilichokwisha Kufuliwa

Amani iwe kwenu, mama zangu na dada zangu, mliofunga mtandio na msiofunga. Asanteni kunipa nafasi ya kusimama hapa mbele ya chama chetu. Mnivumilie, maana ninayotaka kusema yana uchafu, na uchafu wenyewe ni wangu.

Wengi mnanijua. Mi ni fundi wa nguo hapa Gitega, pale mtaa wa Magarama, mashine yangu iko kwenye baraza ya butiki ya vitenge. Nimeshona sare za watoto wenu wanaosoma Mushasha, nimeshona nguo za harusi zenu. Lakini wengine mlinijua zaidi kwenye simu. Ile grupu ya habari za mtaa, iliyojaa watu mpaka tukafungua ya pili, mkubwa wake nilikuwa mi. Msicheke. Mlikuwa humo, nawaona.

Mwanzoni ilikuwa grupu ya kununua na kuuza. Mtu anaonyesha viatu, mwingine anauliza sabuni nzuri iko wapi, anajibiwa, basi. Halafu siku moja nikaweka picha ya mama mmoja aliyekuja harusini na viatu viwili visivyofanana. Watu walicheka mchana kutwa. Toka hapo hakuna aliyeuliza habari ya sabuni tena. Walitaka watu. "Mama, leta mwingine." Na mi nikaleta. Mlevi kalala kwenye mtaro, nikaleta. Wake wenza wamevuana vilemba, nikaleta. Asubuhi nilishika simu kabla sijatia udhu, nione wangapi wamecheka. Mteja amesimama mbele yangu na kitambaa chake, namwambia subiri kidogo, macho yako chini. Mume wangu akiniongelesha najibu "ehe", sijui hata kasema nini.

Bon, haya. Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Aliingia butikini mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Tulimwona tu kwamba si wa hapa. Alishika vitenge kama vitatu, akauliza bei, akashukuru, akatoka. Hajafika hata barabarani, mwenye butiki akaanza kupiga kelele kwamba kuna kitenge kimepotea, cha njano chenye maua ya buluu. Vijana wa nje wakamkamata yule mwanamke, wakamwaga kikapu chake chini. Vitunguu, chupi za mtoto, na kitenge. Cha njano. Maua ya buluu.

Mi nilikuwa nimeshatoa simu. Nachukua video, huku nacheka na kusema maneno ili iwe tamu: "Mwangalieni mwizi kaingia Gitega! Geuzeni uso wake huku, tumuone vizuri!" Mwenye butiki akanipa kile kitenge nikishike mbele ya kamera.

Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho sikukisema kwa mtu yeyote kwa muda mrefu. Nilipokishika, nilijua. Mi nashona toka ni msichana. Kitenge kipya ni kigumu, kina gundi ya kiwandani, kinapiga kelele ukikikunja. Kile kilikuwa laini. Kilikuwa kimefuliwa mara nyingi, na pembeni kilikuwa na pindo la mkono, kazi ya uzi mweusi. Kilikuwa nguo yake ya pili ya kubebea mtoto, ya kubadilishia. Nilijua kabla hata hajafungua mdomo kujitetea. Nikaendelea na video.

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inaenda vizuri. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Mwanamke analia, kamasi zinamtoka, mtoto analia mgongoni, vijana wanamsukuma, na mi nawaza, hii itafika mbali.

Baadaye mwenye butiki akakitazama tena kile kitenge, akamrushia, wakamwachia, akakusanya vitunguu vyake akaenda. Saa ya alasiri mwenye butiki akanifuata kwenye mashine, anacheka kidogo. "Kumbe kitenge changu kilianguka nyuma ya meza." Nikamjibu, "Yoo, pole." Tukaishia hapo, na video nikaiacha kwenye grupu. Nani angetaka video ya kitenge kilichoanguka nyuma ya meza?

Ikapita miezi. Siku moja akaja mteja kutoka Muyinga, anataka gauni. Nampima kifua, yeye anacheka na simu. "Fundi, hii uliiona?" Akanionyesha. Ilikuwa video yangu, lakini watu wameongeza muziki, kilio cha yule mwanamke wamekifanya kama wimbo, kinarudiarudia. Akasema, "Huyu ni wa kwetu Butihinda. Kule watoto wakimwona kwenye bomba la maji wanaigiza kilio chake hivyohivyo. Kwaya ya kanisa wamemtoa. Mboga zake sokoni hakuna anayegusa. Na unasikia huyu mama anayecheka nyuma? Huyu ndiye ananiua mbavu!"

Nikasikia. Kicheko kile. Mama zangu, mmewahi kusikia sauti yenu wenyewe mkadhani ni ya mtu mwingine, mtu mbaya, mtu ambaye mngemfukuza nyumbani kwenu? Niliacha futi ikaning'inia kifuani kwa yule mteja, nikaenda nyuma ya butiki. Sina maneno ya kupamba. Nilijichukia mpaka harufu ya mwili wangu ikanishinda.

Jioni ile ile nikaandika kwenye grupu ukweli wote. Kitenge kilikuwa chake, kilikuwa kimefuliwa, mi nilijua, tumemuonea. Mnajua nilijibiwa nini? Vile vinyago vya kucheka vya kwenye simu, vingi, vimejipanga kama funza. Mmoja akaandika, "Mama, umeokoka?" Mwingine, "Hii haina utamu, rudisha ya kwanza." Nikafunga grupu zote mbili. Hawakumaliza hata saa moja, wakafungua nyingine bila mi, na kitu cha kwanza walichoweka ni picha yangu nikiwa nasinzia kwenye mashine. Hao ndio watu niliokuwa naamka kuwatafuta kabla ya Mungu wangu.

Nilikaa wiki mbili siwezi kushona. Mume wangu, Mungu amlipe, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Samahani uliyoiandika haijamfikia mwenyewe. Nenda." Nikaenda Muyinga, nikafikia kwa shangazi yangu. Asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Butihinda, nikaulizauliza. Aibu ya kwanza ni kwamba sikuhitaji jina lake. Nikisema "yule mama wa video", kila mtu ananyoosha kidole.

Nilimkuta shambani, anapalilia maharage. Nikasalimia tu, "Habari, dada." Hakugeuka. Jembe likasimama.

"Sauti hiyo naijua," akasema.

Yeye alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko hiki changu. Nilipiga magoti pale kwenye udongo, nikamwambia yote, hata habari ya gundi na ya pindo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Pindo lile alilishona mama yangu. Uliliona?"

"Nililiona, dada."

"Ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Akalishika jembe kwa mikono miwili. Nilitamani anipige na lile jembe. Akasema, "Simama, unanikanyagia maharage. Samahani hiyo unaniletea hapa, tuko wawili na majani. Itanisaidia nini? Kesho ni siku ya soko. Utakuja pale, utasema kwa mdomo wako, kwa watu. Kwa sauti ile ile."

Nikaenda. Alinipitisha meza kwa meza. Kwa wauza dagaa, kwa wauza ndizi, kwa wauza chumvi. Kila meza anasimama pembeni, mikono ameifunga, na mi nasema: "Mi ndiye niliyepiga video ile. Huyu hakuiba. Kitenge kilikuwa chake, na nilijua." Meza ya kwanza nilinong'ona. Akasema, "Rudia, hawakusikia." Muuza dagaa mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Mwingine akasema, "Na wewe una watoto?" Nikajibu ninao. Akasema, "Maskini." Nikaendelea na meza inayofuata.

Katikati ya soko kijana mmoja akatoa simu aanze kunirekodi. Nikavuta mtandio nijifunike. Yule dada akamfuata, akaweka kiganja chake juu ya ile kamera. "Weka mfukoni," akamwambia. "Una masikio. Tumia hayo."

Hapo ndipo nilipolia. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa tu. Yule mtu nilimgeuza uso ili aonekane vizuri, na yeye akaufunika wangu.

Sitawadanganya kwamba tumekuwa marafiki. Hakusema amenisamehe, na mi sikumuuliza. Mboga zake zinanunuliwa, hilo najua kwa shangazi. Kwaya walimwita arudi, akakataa, akasema atamwimbia Mungu akiwa amekaa kwenye benchi na waumini wengine. Video bado iko, inatembea, sina mkono wa kuifikia kila ilipo. Na mkono wangu mwenyewe haujapona. Juzi mama mmoja aliteleza na beseni la nyanya hapa barabarani, vidole vyangu vikaenda vyenyewe mfukoni, kwenye simu. Nikavichukia. Nikaenda kuokota nyanya.

Namshukuru mume wangu aliyenituma. Namshukuru shangazi aliyenipokea bila kunificha kwa majirani. Nawashukuru nyinyi wa chama hiki, mliniacha nikae nyuma miezi hii yote bila kunilazimisha kusema. Na yule dada, silitaji jina lake, limeshabebwa vya kutosha, namshukuru kwa ile meza ya kwanza, aliposema rudia.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujamwelekezea mtu simu, kuna kitu ndani yako kinajua tayari. Usikizibe mdomo kwa sababu watu watacheka.

Sasa nina ombi moja. Najua kuna waliomo humu ndani ambao bado wanayo video ile. Sitaki kujua ni nani. Nitageukia ukutani. Toeni simu, muifute, halafu mniambie nigeuke.