Neno la Gerezani

Basi la kutoka Mbale lilikuwa limeshakaribia Jinja, na Semei bado ameukumbatia mfuko wa malewa, yale machipukizi makavu ya mwanzi aliyofungiwa na mama yake. Mama wa makamo aliyeketi naye alizitazama buti zake za askari jela, akatabasamu. "Naona umetoka kwenu mlimani Wanale, afande. Walikupokea vizuri?"

"Vizuri mno, mama. Ndicho kinachoniuma."

Akasimulia kwa sauti ya chini, na abiria wa kiti cha mbele wakanyamaza ghafla, kwa adabu ya kutaka kusikia. Wiki nzima gerezani Jinja alikuwa akiwafokea wafungwa, usingizi wa kuibia. Jana watoto wake walimrukia, nyumba ikajaa vicheko, chakula kikaletwa. Kelele zilipozidi, neno likamponyoka: "Chuchumaa!"

"Watoto wakacheka, hawajui Kiswahili; nyumbani tunasema Kigisu tu. Lakini mama yangu anakijua tangu wanajeshi walipokuja kumchukua baba. Aliweka sahani chini, akachuchumaa, mikono kichwani. Mbele ya wajukuu zake."

"Mwanangu, kazi huachwa getini."

"Magwanda niliyaacha, mama. Mdomo nilikuja nao."

Yule mama hakuridhika. "Sasa ulimwinuaje?"

Semei aliuinamia mfuko. "Nilimwambia asimame."

"Ulimwambia kwa Kigisu?"

Basi likasimama. "Jinja! Shuka!" kondakta akafoka, na Semei akainuka upesi, kabla hata mlango haujafunguliwa.